Themometa zetu za Mbeya si mbovu

Mkaguzi kutoka Dar alikuja kuangalia maabara yetu. Akachemsha maji, akatumbukiza themometa: 94. Nyingine 94, nyingine 95. "Mbovu hizi mwalimu, nunueni mpya." Mkuu wa shule akanitazama mimi fundi maabara kana kwamba digrii zilizopungua nimezibeba nyumbani.

Jamani, Mbeya mjini iko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari! Kila ukipanda kama mita 300, maji yanawahi kuchemka kwa digrii moja. Piga hesabu. Ambayo ingesoma 100 hapa kwetu ndiyo ya kutupa.

Kubishana na mkaguzi hakunilipi, nikaenda kwenye barafu, maana barafu inayoyeyuka ni sifuri Mbeya, ni sifuri Tanga. Nikamtuma kijana wa field. Akarudi na barafu za ukwaju, zile za watoto! Tukatwanga hivyo hivyo, tukapima: digrii moja na ushee chini ya sifuri. Kijana akachekelea, "Mbovu kweli, bosi." Sukari hiyo, mwanangu, inashusha kiwango cha kuganda. Tukazila.

Safari ya pili nikagandisha maji yaliyokenekwa (ya mvuke uliopozwa, hayana chumvi wala sukari) kwenye friza ya mama muuza soda. Alichukua hela kidogo tu. Barafu itwange ndani ya kitambaa safi, uongeze maji ya baridi mpaka iwe kama uji mzito. Vipande vikubwa vinaacha hewa katikati, na barafu iliyotoka friza sasa hivi, bila maji, iko chini ya sifuri. Koroga kwa kijiti, usikoroge kwa themometa!

Nyingi zilisoma sifuri. Moja ilizidisha nusu, nikaifunga kikaratasi: "toa 0.5". Alama zetu ni za digrii moja moja, kwa hiyo hata hapo kuna nusu ya mashaka juu na chini. Anayetaka zaidi apeleke TBS, shirika la viwango, wana maabara ya ugezi, yaani ya kuhakiki vipimo.

Utamu ulikuwa kwa iliyosoma 3. Uzi wake mwekundu, ile spiriti ya ndani ya kioo, ulikatika katikati. Nikamwaga chumvi ya jikoni kwenye barafu, nikazamisha tungi lake, uzi ukashuka taratibu ukajiunga. Usijaribu kwa moto, itapasuka mkononi.

Mbili nyingine zimegoma, uzi unakatika tena kila baada ya siku chache. Hizo nimezifungia kabatini.