Grafu ya uzi na gundi

Jana jioni tumekaa barazani hapa Ngamiani na binamu yangu, yeye haoni tangu utotoni na sasa anasoma fizikia chuo, akaniambia dada leo mwalimu kaandika ubaoni huku anasema "hii ukiigawanya kwa hii unapata ile", sasa hii ipi jamani? Roho iliniuma kweli.

Noti nazo wanatumiwa PDF ya kurasa zilizopigwa picha, kwa hiyo NVDA, ile programu ya bure inayosoma skrini kwa sauti, ikifika pale inanyamaza kimya. Wangezichapa tu kama maandishi na milinganyo wakaiandika kwa LaTeX, ule mfumo wa kuandika hesabu kwenye kompyuta, angesoma mwenyewe, maana kule kipeuo, sehemu, mabano, vyote vinaandikwa kwa alama za kibodi hizihizi.

Na watu wasiniambie eti hesabu si za wasioona. Abraham Nemeth, Mmarekani aliyezaliwa haoni, alifundisha hisabati chuo kikuu na akatunga mfumo wa kuandika hesabu kwa nukta zilezile 6 za Braille, yale maandishi ya kusoma kwa kugusa, ukatoka 1952. Zamani hiyo!

Basi tukachukua manila, gundi na uzi wa mama wa kushonea, mihimili tukabandika uzi mnene, mchirizi wa grafu uzi mwembamba, tukaacha ikauke. Akapitisha kidole taratibu, alipofika kileleni akasimama. "Kumbe hapa ndo mteremko unakuwa sifuri!"

Kesho naenda kununua gundi nyingine, bado michoro ya saketi.