Jinsi Nilivyounda Roketi ya Maji Inayotua kwa Mabawa Yanayozunguka

Nilitaka roketi ambayo ikifika kileleni ingefungua mabawa matatu na kushuka ikizunguka, bila parachuti. Kanuni yake ndiyo ileile iliyomwezesha Mhispania Juan de la Cierva kurusha otojairo yake, yaani ndege yenye mabawa yanayozunguka juu yake, mwaka 1923: hewa inayopita kwenye mabawa kutoka chini ndiyo inayoyazungusha, wala hakuna injini inayoyaendesha, na kadiri yanavyozunguka ndivyo yanavyokizuia chombo kuanguka kwa kasi. Kwa kuwa hapa Kenya baruti inasimamiwa na sheria ya vilipuzi, nami sikutaka kumweka mpwa wangu karibu na moto, niliamua kuirusha kwa maji na hewa iliyoshindiliwa kwa pampu ya baiskeli.

Mwili ni chupa ya soda ya lita 2 iliyogeuzwa mdomo chini. Nasisitiza iwe ya soda, kwa sababu chupa nyingi za maji ya kunywa ni nyembamba na hazikuundwa kustahimili mgandamizo. Vali ya tairi lisilo na tyubu, ya kupitishia hewa ya pampu, niliipata Kirinyaga Road, Nairobi, na pini ya kuiachilia roketi kwa kuvuta kamba ilikunjwa na fundi wa Kamukunji. Gundi ya moto huidhoofisha plastiki ya chupa, kwa hiyo kila kitu kinachogusa chupa nilikibandika kwa gundi ya poliurethani na kukiacha usiku kucha.

Kazi yenyewe hasa ilikuwa kwenye mabawa. Niliyakata kutoka kwenye ule ubao wa plastiki wa mabango ya matangazo, ambao ndani una vijifereji vinavyokwenda sambamba kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Katika kijifereji cha kwanza cha kila bawa, upande wa ukingo unaotangulia bawa linapozunguka, nilipenyeza kijiti cha mshikaki. Kijiti hicho hulikaza bawa lisipinde, na pia husogeza uzito mbele. Bawa lenye uzito nyuma hutetemeka na kupoteza nguvu. Kisha niliyapima yote matatu kwa mizani ya jikoni na kupunguza kwa wembe lililozidi, kwa sababu tofauti ndogo tu huifanya roketi iyumbeyumbe.

Kila bawa limeshikwa juu, kwenye kitako cha chupa, kwa bawaba ya turubai iliyobandikwa juu ya kabari ya mbao, ili ukingo wa mbele uwe chini ya ule wa nyuma kwa nyuzi 8 hivi. Uzi mfupi hulizuia lisiinuke kupita kiasi, kwa maana ncha zikibaki juu kidogo ya usawa wa bawaba, roketi hushuka ikiwa imetulia. Mipango mingi ya roketi za namna hii huchukulia hewa ya usawa wa bahari. Nairobi iko takriban mita 1,800 juu, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya sita, jambo linaloongeza kasi ya kushuka kwa asilimia 10 hivi. Ndiyo maana nilirefusha mabawa kutoka sentimita 35 hadi 38.

Bado lilibaki swali la wakati wa kufunguka. Roketi inapopanda, upepo huyalaza mabawa ubavuni. Kasi ikipungua, mpira wa ofisini wa kufungia karatasi huyavuta nje. Mpira mkali huyafungua mapema, na uliolegea huyaacha yamelala hadi roketi ianze kuanguka. Nilimwomba jirani anipakie nyuma ya pikapu yake katika barabara tupu, nikainua roketi juu ya paa la gari na kubadilisha mipira hadi mabawa yakaanza kunyanyuka gari lilipopunguza mwendo hadi kilomita 30 kwa saa. Roketi inayopanda wima huwa na kasi hiyo chini ya sekunde moja kabla ya kilele, ikiwa imebakiza mita tatu na nusu tu. Huo ndio wakati nilioutaka. Kwenye jukwaa la kurushia, ambako hakuna upepo wa kuyalaza, fito tatu za mbao huyashikilia mabawa, na mapezi ya roketi hupita katikati ya fito hizo inapotoka.

Tulirushia katika uwanja wa shule moja Kasarani, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu, mbali na njia za ndege za uwanja wa ndege wa Wilson. Nilijaza maji theluthi moja ya chupa, nikapiga hewa hadi paundi 60 kwa inchi ya mraba, na hakuna aliyeruhusiwa kuisogelea tena. Mpwa wangu alisimama mita 50 kutoka kwenye jukwaa, akishika kipimapembe kilichofungwa uzi wenye nati.

“Mjomba, nyuzi 40!” alipaza sauti, yaani, kwa umbali ule wa mita 50, kimo cha mita 42 hivi. Mabawa yalikuwa yameshafunguka. Yalichelewa kidogo kushika mzunguko, kisha yakawa duara moja la kijivu na roketi ikashuka wima, ikivuma. Tangu kileleni hadi kwenye nyasi simu ilihesabu sekunde 11, na chupa haikupata hata mkunjo. Jioni hiyo tulijaza maji tena na kuirusha hadi mikono ikachoka kupampu, na sasa mpwa wangu anakata mabawa manne ya roketi yake mwenyewe, membamba zaidi, ili tupime kama yatashuka polepole kuliko matatu.