MacLehose kilomita 100: nimeitoboa yote, na mji ndio ulionibebea mzigo

Ngoja nianze na hasira kwanza. Kila niliyemuuliza habari za kuitembea MacLehose Trail mwanzo mwisho alinipa ushauri uleule, nijiandae kama mtu anayeenda kupotelea porini: beba chakula cha safari nzima, beba hema kubwa, beba jiko na mtungi wa gesi wa akiba, mwingine akasema na kamba. Kamba ya nini jamani? Hii njia iko Hong Kong. Ukifika maeneo ya mlima wa Lion Rock unaangalia chini unaona maghorofa ya Kowloon yamekusogelea mpaka unahisi unaweza kuchungulia mtu anapika nini, halafu mtu ananiambia nibebe mchele.

Kwa asiyeijua, ilifunguliwa 1979, imepewa jina la gavana wa wakati ule, Murray MacLehose, ina kilomita 100 kamili zilizogawanywa vipande 10, inaanzia Pak Tam Chung kule Sai Kung upande wa mashariki na inaishia Tuen Mun magharibi. Kila nusu kilomita kuna nguzo yenye namba, ya mwisho ni M200. Hizo namba zishike kichwani kila unapopita, ukivunjika mguu ukapiga 999 unawatajia namba ya nguzo na wanajua ulipo, huna haja ya kuanza kuelezea "kuna jiwe kubwa na kichaka".

Sasa jaribio la kwanza. Kuna jamaa mzoefu (mwenyewe ndiye anayejiita mzoefu) aliniambia niende Julai kwa sababu mchana ni mrefu, na begi lisipungue chochote kwenye ile listi yake. Nikamsikiliza. Begi lilikuwa zito kiasi kwamba ili nilivae ilibidi nikae chini, nipitishe mikono, nigeuke nipige magoti, ndio nisimame kwa kushika nguzo ya kituo cha basi, na wamama wa pale wananiangalia kwa huruma kabisa. Kipande cha kwanza ni barabara ya lami kuzunguka bwawa la High Island, hakina shida, nikawa najiona komando. Kule kwenye ukuta wa mashariki kuna zile nguzo za mawe zenye pembe sita, mwamba wa volkano wa miaka kama milioni 140, nikapiga picha, nikacheka na watalii waliokuja kwa teksi, nikashuka Long Ke ufukweni.

Balaa linaanzia pale. Ukitoka Long Ke unapanda Sai Wan Shan, mita 314, ukiisoma kwenye ramani unadharau. Ngazi za mawe moja kwa moja, hakuna mti wa maana wa kukupa kivuli, jua la Julai liko utosini na hewa ina unyevu mpaka jasho halikauki, linatiririka tu linaingia machoni, mkanda wa begi unateleza begani unaacha alama nyekundu. Nilikuwa na maji lita tatu, yakaisha kabla sijaiona bahari ya upande wa pili. Kwenye begi nina mikebe ya maharage, nina kamba, nina taa mbili, maji sina. Nilifika Sai Wan siongei. Pale kijijini kuna vibanda vya chakula, nikanywa soda za baridi mfululizo, muuzaji akaacha hata kuniuliza, akawa anafungua tu ananiwekea. Kisha akanionyesha boti. Ndiyo, kuna boti za kasi zinarudisha watu Sai Kung mjini, dola za Hong Kong mia na kitu hivi, na safari yangu ya kishujaa ikaishia kwenye boti inayoruka juu ya mawimbi huku mikebe ya maharage inanigonga uti wa mgongo kila ikitua. Yule mzoefu nilipomwambia akasema tatizo langu ni viatu.

Basi nikasubiri baridi. Kuanzia Novemba hali ni tofauti kabisa, hewa kavu, anga jeupe, unatembea mchana kutwa na shati halijalowa. Mtu akikwambia Julai, muulize kama yeye aliwahi kwenda Julai.

Na mzigo nikaupanga upya kwa akili yangu mwenyewe, hapa naomba nijisifu kidogo. Nilikaa na ramani nikaweka alama kila sehemu ambapo barabara yenye basi inaikata njia. Zipo nyingi! Pak Tam Au kuna basi la kwenda Sai Kung mjini, Kei Ling Ha yanapita mabasi ya Sha Tin, Tai Po Road unateremka Kowloon muda wowote, Route Twisk kuna namba 51 inakushusha Tsuen Wan. Maana yake chakula cha kubeba ni cha siku moja, sana sana moja na nusu. Hema dogo nilibeba nusu ya kwanza tu, kule mashariki ambako kambi za serikali ni nyingi, ni bure na ziko pazuri kweli, na kumbuka kupiga hema nje ya maeneo yaliyotengwa ni kosa. Nusu ya pili nimetembea na kibegi kama cha mwanafunzi.

Jinsi ilivyokuwa: nikifika Tai Po Road jioni nimechoka, nagusa nguzo ya pale kwa mkono (muhimu, asije mtu akasema nimeruka), napanda basi, baada ya muda mfupi niko Kowloon nakula tambi za moto, naoga, nafua soksi, nalala kitandani kwangu. Asubuhi narudi, nagusa nguzo ileile, naendelea. Kuna watu wanasema huo sio utembeaji halisi. Sawa, wao walale na soksi mbichi. Kilomita ni zilezile.

Kambini Ham Tin angalieni ng'ombe. Wale ng'ombe hawana mwenyewe, wanazurura ufukweni na wanajua hema lina nini ndani. Jirani yangu alienda kuoga baharini akaacha zipu wazi kidogo, kidogo tu, ng'ombe akaingiza kichwa chote akatoka na mkate, mfuko unaning'inia mdomoni, anatafuna taratibu anatuangalia. Mkate ukaliwa wote, hema likachanika.

Ila mabingwa ni kima wa Kam Shan, kipande cha sita. Wamejaa pale, wengine wamekaa juu ya kingo za barabara na watoto wao. Kuwalisha ni marufuku kisheria ila wameshazoea, na wanachokitafuta ni mfuko wa plastiki. Hii nimeithibitisha kwa macho. Mbele yangu alikuwa mzee kabeba mfuko mwekundu wa sokoni, kima mmoja akashuka mtini bila haraka, akamfuata kwa nyuma hatua kwa hatua, akaushika kwa chini akapasua. Machungwa yakasambaa njia nzima na ukoo mzima ukashuka kugawana. Mimi kila kitu kilikuwa ndani ya begi la kitambaa, hata karanga nilizitoa kwenye pakiti yake nikazifunga kwenye soksi safi (safi, nimesema) ili zisitoe ule mlio wa nailoni. Nikapita katikati yao mikono mitupu, bila kuwakodolea macho, wakanipuuza kabisa. Mkitaka kupita salama fanyeni hivyo, zile fimbo za kutishia ndio zinawachokoza.

Hapohapo karibu, kuelekea Shing Mun, kuna mahandaki ya Waingereza yaliyochimbwa miaka ya 1930, Wajapani wakayateka Desemba 1941. Kwenye milango wamechora majina ya mitaa ya London, unasoma Charing Cross huku uko kichakani. Nenda na tochi.

Needle Hill, mita 532, goti lako litakukumbuka. Sio urefu, ni zile ngazi, fupi, refu, fupi, hazina mpangilio, na kushuka ni kubaya kuliko kupanda. Tai Mo Shan ndio mlima mrefu wa Hong Kong yote, mita 957, lakini unapanda kwa barabara ya zege na kileleni kabisa hufiki, kuna kituo cha rada ya hali ya hewa kimezungushiwa uzio. Upepo wa pale usiudharau, koti nililolibeba safari nzima bila kulivaa ndipo lilipojilipa.

Gharama siwezi kuwapa hesabu kamili, ni nauli za basi na chakula tu, kilichoniuma zaidi ni viatu. Wenye mbio zao kwenye Trailwalker, yale mashindano ya hisani ya njia hii, wanaimaliza yote chini ya saa 12, mimi nilichukua muda wangu na wala sioni aibu.

Kipande cha 10 ni kilomita 15 na ushee, karibu chote ni tambarare pembeni ya mfereji wa maji, kinachosha kwa jinsi kilivyo sawasawa, hapo ndipo niliposikiliza redio. Nguzo ya M200 ni ya kawaida tu, hakuna bango wala utepe. Ukishuka Tuen Mun kuna treni ndogo za mtaani, gonga kadi ya Octopus, ile ya kulipia nauli, na siti za dirishani ndizo zenye nafasi ya kunyoosha mguu.