Vile nilifikia kuchekesha grupe ya familia, na si kwa kukopia za Dar

Watu wananiulizaka blage zangu, vichekesho vyangu, natoaka wapi. Kwanza niseme wazi, yaya mumoja, ndugu yangu mukubwa, aliyekaa Dar njo alitaka kuniharibia jina. Eti kopia tu za Watanzania, zimeisha kuiva. Haya, nikatuma ile ya mama mukwe anayesema «kalia mbuzi ukune nazi», bibi-arusi anaenda mbio kwa zizi anakalia mbuzi ya baba mukwe. Huko pwani wanakufa na kicheko, juu mbuzi kwao ni nyama na ni tena kile kibao cha kukunia nazi. Sasa sisi Goma, huku Kongo, nani anakunaka nazi? Tunapika na mawese! Grupe ikanyamaza karibu siku nzima, kisha shangazi akauliza kama mbuzi haikuvunjika mugongo, na baba mudogo wa Masisi, ye ni mufugaji, akauliza bei. Bei! Nikafasiria, ikakuwa mbaya zaidi.

Lazima maana zote mbili ziishi kwa masikio ya watu wako. Na sisi tuko na neno tamu, moto. Dar wanasema pikipiki, bodaboda. Huku moto ni ya kupikia na moto ni ile ya motari, yule anabebaka watu na pikipiki. Nikaandika:

«Mama akapiga kelele: zima ile moto, maharagi inaungua! Nikakimbia inje, nikachomoa funguo. Tulilala njaa.»

Wee! Vokali za kicheko, zile sauti za kurekodi, zikamaliza mega zangu za interneti, nikanunua zingine za faranga elfu mbili ao tatu hivi.

Ona funguo iko wapi, karibu na mwisho. Ukitaja motari mbele, kwisha. Binamu aliituma kwa grupe yao na imoji ya pikipiki pale mwanzo kabisa, kisha analalamika hawakucheka. Mwalimu mumoja naye akanisahihisha, eti ya jikoni ni «moto huu». Ndiyo, mwalimu, lakini ukisema huu kwa moja na hii kwa ingine siri inatoboka palepale, njo maana mimi naachaka ile kiswahili yetu unayoichekaka, «ile moto» kwa zote.

Juzi mama mukubwa wa Kadutu, kule Bukavu, ananitumia blage yangu mwenyewe, na mishale ya kutumwa mara nyingi juu yake, na chini mutu ameongeza: «moto hapa ni pikipiki». Huyo mutu namutafuta.