Ami na Mkanda wangu

Toka Ijumaa kuna neno la Ami limenikwama kooni kama mwiba, na leo ni Jumatano, wacha niliandike hapa labda nitalala.

Ami mnamjua, yule wa jahazi, anayesema spidiboti ni pikipiki iliyopotea njia. Alikuja baada ya swala kama kawaida yake, Mama akamtilia kahawa, na mimi hata kashata hajaimaliza nikamvuta ghorofani akaone refujiamu, yaani kisanduku cha mwani cha kusafishia maji ya tangi langu la samaki. Nilikuwa nimeimaliza Alhamisi na sijapata wa kumringia. Mama simhesabu, yeye tangu siku ya kwanza anaiita choo cha samaki, na ukifikiria vizuri hajakosea sana.

Basi Ami kasimama mbele ya tangi mikono nyuma, kama mtu anayekagua chombo cha mwenzake kilichopandishwa pwani. Tangi ni lile lile la lita 60, wale samaki nemo wawili waliokuja kwa basi kutoka Mombasa mpaka Mokowe, gati la Lamu upande wa bara, ndoo iko mapajani mwangu na pampu ya betri inalia njia nzima, na juu yake sasa, kwenye rafu niliyopigiwa na fundi, kisanduku cha kioo sentimita 40 kwa 20 nilichogundisha kwa mkono wangu. Ndani mawe mawili matatu na bonge la mwani. Basi.

"Hini ni ya nini?"

Nikamwaga yote. Nikamwambia samaki wakila wananya, na kile kinyesi na chakula kilichobaki vinaoza vinatoa amonia, bakteria wanaigeuza nitriti na mwisho nitrati, na nitrati ikifika hapo haina pa kwenda, inajikusanya tu, ndio ule ukijani ulionichosha kusugua vioo tangu Ramadhani. Kwa hivyo unayapandisha maji kwa pampu, yanapita kwenye mwani, mwani unakula ile nitrati na fosfati unanenepa, wewe unauvuna unautupa, maji yanashuka kwa bomba yakiwa mepesi. Na humo ndani ya mwani wanazaliana vidudu, kopepodi, wadogo kama nukta ya kalamu, huko samaki hawawafikii, wakizidi wanateremka na maji wanaliwa. Nikamwambia mpaka habari ya taa, kwamba ya juu naiwasha usiku ile ya chini ikizimwa, kwa sababu gizani mwani nao unatoa hewa chafu na maji yanaelekea kwenye asidi, ukizipishanisha maji yanatulia. (Majirani wameshaniuliza ile taa ya zambarau dirishani ni ya disko au ya mganga.)

Ami kimya. Akainama pua karibu iguse kioo, akautazama ule mwani.

"Kama mshipi uliotatana."

Na kweli, ni nyuzi ngumu ngumu za kijani zilizojikunja bonge moja, huoni mwanzo wala mwisho. Wenyewe wanauita keto, sio ile daiti ya shangazi. Wa kwanza ulikuwa kolepa, wenye majani kama manyoya, siku moja nikaamka nikakuta maji yamekuwa kama tui, kumbe ule ukiamua kuzaa unajimwaga wote majini na kufa. Sikuandika hapa kwa aibu.

Halafu Ami akasema, "Basi umejenga Mkanda."

Jamani. Miezi mitatu naangalia video YouTube za watu wenye matangi makubwa kuliko jiko letu, hakuna aliyeniambia hivyo. Mkanda si ndio huo mlango wa bahari tunaopita kwenda kisiwa cha Pate, mikoko huku na huku, maji yanaingia yanatoka, vidagaa na kamba wachanga wamejificha kwenye mizizi mpaka wakue. Ndio hiyo hiyo! Nilitaka kumkumbatia. Angeishia hapo ningekuwa na wiki nzuri.

"Na stima ikipotea?"

"Maji yanasimama tu, Ami."

"Mkanda hausimami, mwanangu. Mai yakikosa pa kwenda yarudi."

Akageuka, akashuka ngazi polepole ameshika ukuta, nikamsikia chini anamuuliza Mama kama kahawa imebaki.

Yarudi.

Wa zamani hapa mnajua kwa nini liliniuma. Nairobi miaka 6, ile kazi, halafu mimi na maboksi yangu manne usiku kucha kwenye basi, na Mama alivyosema "karibu nyumbani" bila kuuliza kitu. Miaka miwili sasa nauza misumari na kuandika risiti. Na katika muda wote huo Ami hajanitolea hata neno moja kuhusu kurudi kwangu, hata moja, halafu ndio anakuja kulisema mbele ya samaki? Na lile "mwanangu". Yeye huniita jina langu siku zote, mwanangu huwa analitoa kwenye matanga. Au alilisema tu? Aliniangalia wakati anasema? Nafikiri alikuwa anaangalia tangi. Sina hakika. Jumamosi kwenye harusi ya binti wa shangazi (alipendeza, mashallah, picha nitaweka) wanawake wanaimba na mimi nasikia yarudi. Jumapili tuko kwenye hesabu ya mali dukani, nahesabu makofuli, nasikia yarudi.

Jibu nikalipata Jumapili usiku bafuni, siku mbili baadaye kama ilivyo kawaida yangu: "Hata Mkanda, Ami, maji yakishajaa husimama kidogo kabla hayajageuka." Zuri, si ndio? Nikalifanyia mazoezi. Mara nalisema kwa kucheka, mara kwa upole wa kinafiki, mara nasema kwanza "samahani Ami". Mtu mzima na taulo kichwani anajibizana na kopo la maji.

Na ukiingia hapo huishii hapo. Nikaanza kujiuliza hivi vioo navigundisha usiku vya nini. Maana si kwamba ilikuwa rahisi. Mara ya kwanza nilichukua silikoni ya bafuni, ile iliyotiwa dawa ya kuzuia ukungu, kumbe dawa ile ni sumu kwa viumbe vya tangini, na mimi ndio muuza duka jamani, nikabandua yote kwa wembe nikaanza upya na ile isiyo na dawa, inayonuka siki, chumba kikanuka achari wiki nzima kwa sababu niliiacha ikauke siku 7 kabla ya kutia maji. Kila asubuhi naongeza maji baridi ya kunywa badala ya yale yaliyopaa, si ya bahari, maana chumvi haipai inabaki, ukikosea mara tatu nne unawatengenezea samaki kachumbari. Yote haya ili nini, ili maji yasikose pa kwenda?

Jumatatu usiku stima ikapotea.

Sikushtuka hata. Feni ikazima, pampu ikanyamaza, nikageuka ubavu wa pili nikasema moyoni, haya, yamesimama. Sijui zilipita dakika ngapi nikasikia Mama chini, "Wee! Paa lavuja!" Na mvua hakuna.

Nikawasha tochi ya simu. Tangi limejaa mpaka ukingoni na linamwagika kimya kimya, bila mlio, maji yanatambaa sakafuni yanaingia kwenye ule ufa wa pembeni, yanapita kwenye boriti mpaka kitandani kwa Mama. Kile kisanduku cha juu kimeshuka karibu nusu. Ule mpira unaopandisha maji mdomo wake niliuzamisha ndani kabisa, sentimita 10 hivi, ili usipige kelele, na pampu ilipozima mpira ukaanza kuvuta kinyume. Maji yanashuka kwa njia ile ile yaliyopandia.

Yanarudi.

Nikauchomoa mpira, ukafanya fyooo, ukameza hewa, kimya. Kama lita 4 sakafuni. Nikakaa chini kwenye yale maji ya chumvi nikacheka mpaka Mama akadhani nalia, akapanda na taa ya chemli. Mzee wa watu alikuwa anazungumzia mpira! Mtu aliyehamisha mafuta ya taa kwa mpira toka pipa hadi dumu miaka yote ile, aliinama pale akauona ule mdomo uko chini ya maji, akaniambia kwa Kiswahili safi kitakachotokea, mimi nikaenda kulia na maisha yangu.

Jana nimechoma msumari mwembamba kwenye jiko nikautoboa mpira kitundu kimoja, kidogo tu chini ya usawa wa maji ya kisanduku. Nikachomoa plagi. Maji yakashuka kama upana wa kidole, kitundu kikatokeza, fyoo, yakasimama. Nikarudia mara nne, ya nne ilikuwa kwa raha tu. Kitundu chenyewe inabidi nikisafishe mara kwa mara, mwani ukikiziba tutakuwa tumerudi kitandani kwa Mama.

Ami hajui. Mama amemwambia kwenye simu kwamba paa limevuja, kwa hivyo Ijumaa anakuja kukagua paa na itabidi nimweleze. Atasema nini sijui, pengine hata hatasema, atanywa kahawa yake. Na lile "mwanangu" bado sijalipatia mahali. Labda lilikuwa la mpira. Labda la vyote viwili.

Kuna lingine silo la samaki. Ile hesabu ya Jumapili imekosa mifuko 4 ya simiti. Funguo za stoo ziko mbili, moja ya bosi, moja yangu. Hajasema neno, amezungushia tu ile namba duara kwa kalamu nyekundu, halafu leo wakati wa kufunga akaniuliza kama mtu anayeuliza hali ya hewa, ufunguo wako siku hizi unaweka wapi. Nikamwambia kwenye mkoba, na ni kweli uko kwenye mkoba. Ila Jumamosi pale harusini ule mkoba nilimpa mtu anishikie, karibu masaa mawili, na mpaka saa hizi sikumbuki nilimpa nani.