Augustus Washington, mpiga picha wa Hartford

Jamani huyu mtu nimemfuatilia sana na bado sijamchoka. Augustus Washington alizaliwa Trenton, New Jersey, baba yake aliwahi kuwa mtumwa, akaingia chuo cha Dartmouth 1843 na hela ya ada ikawa shida, ndo akajifunza kupiga picha ili ajilipie. Chuo hakumaliza. Akahamia Hartford, Connecticut, akafundisha shule ya watoto weusi, halafu 1846 akafungua studio yake.

Picha alizokuwa anapiga hazikuwa na negativu, ile nakala ya kutolea kopi. Ni bamba la shaba lililopakwa fedha, linasuguliwa mpaka ling'ae kama kioo, likishapigwa picha linapitishwa kwenye mvuke wa zebaki ili picha ionekane, inatoka picha moja tu basi, hakuna kopi. Na katika hizo moja moja ipo ya John Brown, yule mpinga utumwa, kabla hajawa maarufu, hana hata ndevu, kanyoosha mkono juu kama anakula kiapo na mwingine kashika bendera. Mimi naona ndo picha yake bora kabisa.

Biashara ilikuwa inalipa, ila aliona mtu mweusi hatapata haki Marekani, so 1853 akabeba familia wakahamia Liberia. Akafungua studio Monrovia, akapiga picha wanasiasa wa huko, akalima miwa, mwisho naye akawa spika wa bunge. Alifariki 1875 hukohuko Monrovia.