Siku moja maishani mwangu: muuguzi katika kitengo cha majeraha makubwa

Zamu yangu inaanza saa moja na nusu asubuhi, na mwezi wa Desemba, kaskazini mwa Uingereza, hiyo bado ni saa ya giza, kwa kuwa jua halichomozi hadi saa mbili imeshapita. Ninaendelea kuhesabu saa kwa Kiswahili kichwani, ingawa saa ya ukutani wodini inasema saba pale ninaposema moja. Jambo hilo halijawahi kuniletea matata, kwa sababu kwenye mafaili tunaandika kwa mfumo wa saa 24.

Nilisomea uuguzi Mombasa na kufanya kazi miaka kadhaa katika chumba cha dharura, ambako usiku wa Jumamosi uliletewa vijana wa bodaboda mmoja baada ya mwingine. Leo mimi ni muuguzi mbobezi katika hospitali inayopokea majeraha makubwa ya mkoa mzima. Nimesoma hadi shahada ya uzamili, nina kibali cha kumchunguza mgonjwa, kuagiza vipimo na kuandika dawa, na uamuzi ninaoufikia ninaujibia mwenyewe. Wasomaji wa Kenya watanilinganisha na afisa wa kliniki na wa Tanzania watanilinganisha na tabibu. Ulinganisho huo unakaribia, ila mimi sikuacha uuguzi ili niwe kitu kingine.

Katika makabidhiano ya asubuhi ninapewa wagonjwa wapya watano wa usiku. Wawili kati yao nitawabeba kichwani siku nzima: kijana wa miaka 26 aliyeanguka na pikipiki, amevunjika nyonga na kuondolewa wengu usiku wa manane, na mzee wa miaka 79 aliyeteleza kwenye ngazi za nyumbani kwake akiwa na soksi tu, akavunjika mbavu sita za upande wa kushoto.

Saa mbili na nusu tunakaa na daktari wa mionzi kupitia picha zote za usiku. Watu wengi, hata huku, wanadhani majeraha makubwa ni habari ya vijana na magari yaendayo kasi. Ripoti ya kitaifa ya mwaka 2017 ilionyesha vingine kwa Uingereza na Wales: wengi wa wagonjwa hawa wana umri mkubwa, na chanzo kikuu cha kuumia kwao ni kuanguka kutoka kimo kisichofika mita mbili. Ugumu ni kwamba mzee aliyeanguka sebuleni haonekani kama mtu aliyeumia sana. Anafika akiongea, akiomba radhi kwa usumbufu, na asipopata mtu wa kushuku kwamba ameumia anaweza kukaa saa kadhaa kwenye kiti huku kifua kikijaa damu taratibu.

Ndiyo maana saa tatu ninaanza na yeye. Namkuta ameketi kitandani, bega la kushoto limeshuka, anavuta pumzi fupi fupi kama mtu anayenusa chungu cha moto. Ananiita "mpenzi", kwa sababu wazee wa sehemu hizi humwita hivyo kila mtu, hata dereva wa basi. Miaka ya mwanzo neno hilo lilinishtua, sasa lisipotamkwa ndipo ninapopata wasiwasi kuhusu mgonjwa. Namwambia akohoe. Anaukandamiza mto kifuani, anajaribu, na kinachotoka ni sauti ndogo ya kusafisha koo. Kisha nampa kile kifaa cha plastiki chenye mipira mitatu midogo inayopanda mgonjwa anapovuta hewa kwa nguvu. Mpira wa kwanza unapanda hadi nusu na kuanguka.

Nusu ya mpira mmoja inaniambia mengi kuliko mashine iliyo ukutani, inayoonyesha kwamba oksijeni yake ni nzuri. Mbavu zenyewe zitaunga, lakini mtu mwenye maumivu kiasi hicho hapumui hadi chini, makohozi yanatuama, na siku ya tatu au ya nne nimonia inaingia. Kwa umri wake kila ubavu unaozidi unaongeza hatari hiyo. Nikimwongezea mofini atasinzia na pumzi itazidi kupungua, kwa hiyo nawapigia madaktari wa usingizi waje wamwekee mrija mwembamba wa ganzi kati ya misuli ya ubavuni. Nabadilisha dawa zake nyingine, naandika na ya kulainisha choo, ambayo husahauliwa sana, na namwita mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

Saa tano kasorobo ninafika kwa yule kijana wa pikipiki, na hapa sifanyi haraka. Mgonjwa anapoingia chumba cha dharura, timu inatafuta kile kinachoweza kumuua ndani ya dakika chache: damu inayotoka, njia ya hewa, mapafu, mzunguko wa damu, ubongo. Kisha inapita tena kutoka kichwani hadi miguuni kwa utulivu zaidi. Lakini usiku ule kijana alikuwa anakimbizwa chumba cha upasuaji, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuhesabu vidole. Kazi hiyo ni ya mchana unaofuata, mgonjwa akiwa macho. Tunaiita uchunguzi wa tatu, na kwa maoni yangu ndio moyo wa kazi yangu, ingawa hakuna king'ora kinacholia unapofanyika.

Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii niliandika kwamba mikono ya mgonjwa mmoja haikuwa na tatizo, wakati alikuwa bado chini ya dawa za usingizi na hangeweza kuniambia lolote. Nilikusudia kurudi kwake, nikahamishwa wodi, sikurudi. Wiki tatu baadaye alishindwa kushika kijiko, na picha ikaonyesha mfupa wa kiganja uliokuwa umevunjika na kuanza kuunga vibaya. Alikuwa fundi seremala.

Basi naanzia kwenye nywele. Napapasa fuvu, mataya, meno, mitulinga, nabonyeza kila kidole cha mkono kimoja kimoja huku nikimtazama usoni badala ya kutazama kidole. Nafika kwenye kile kishimo cha kifundo cha mkono kilicho chini ya dole gumba, nabonyeza, na uso wake unakunjamana kabla hajasema neno. Hapo chini kuna mfupa mdogo uitwao skafoidi. Ipo mifupa mikubwa kuliko huo, lakini damu huingia zaidi kupitia ncha yake ya mbele, kwa hiyo ukivunjika bila kutambuliwa, kipande cha nyuma kinaweza kufa. Picha ya kawaida ya siku za mwanzo inaweza isionyeshe ufa wowote. Naagiza picha, nafunga mkono kwa banzi, na ninamwandikia daktari wa mifupa kwamba picha ikiwa safi tusiridhike nayo.

Chakula cha mchana ni ndizi na chai, nikiwa nimesimama.

Saa nane na dakika kumi simu ya dharura inalia: fundi wa paa ameanguka, shinikizo la damu liko chini, dakika kumi na mbili kabla ya kufika. Chumba kinajaa, kila mtu amebandika cheo chake kifuani. Wahudumu wa ambulensi wanapoingia hakuna anayemgusa mgonjwa hadi waseme yote waliyonayo, isipokuwa awe hapumui au damu inamwagika. Ni kama nusu dakika ya ukimya ambayo mgeni angeiona ya kikatili. Damu inaanza kuingia mwilini mwake. Asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kuvuja kwa damu ambayo utafiti wa mwaka 2010 uliohusisha wagonjwa zaidi ya 20,000 katika nchi 40 ulionyesha inaokoa maisha ikitolewa mapema, ameshapewa njiani. Baada ya nusu saa yuko kwenye kipimo cha CT, na mimi ninarudi wodini.

Saa kumi na moja namwonyesha muuguzi kijana kutoka Kakamega, aliyefika juzi juzi, jinsi ya kusoma kifua cha mtu mwenye mbavu zilizovunjika. "Dada," ananiuliza kwa sauti ya chini, "kwa nini tunaanza kuandika mpango wa utengamao wakati mgonjwa hata hajaketi?" Namjibu kwamba yule kijana wa pikipiki tayari ameuliza mara mbili kama ataweza kurudi kazini, na mama yake ameuliza nani atampandisha ngazi.

Picha ya kifundo cha mkono imerudi. Haionyeshi ufa. Naomba nyingine ya MRI.

Saa moja na nusu usiku, kabla ya makabidhiano, napita kwa mzee. Mrija wa ganzi umewekwa saa saba, bega limepanda. Hanisalimu, amekishika kile kifaa kwa mikono miwili kama mtu anayepima mafuta. Mpira wa kwanza unapanda hadi juu na kubaki. Wa pili unatikisika, unanyanyuka kidogo, unaanguka.

"Mmoja na robo, mpenzi," anasema. "Andika robo pia."